Nyakio na Jua la Saa Nne

Nyakio alizaliwa kwenye shamba la Mzungu upande wa Mau Narok, akakulia humo, akaolewa humo. Baba yake alihamia huko kutoka Murang'a kabla yeye hajazaliwa, na alipokufa akazikwa nyuma ya boma la kondoo. Kwa hiyo mtu alipomtajia Nyakio "kwenu", alichokiona akilini ni ukungu wa asubuhi, ngano, na mashamba ya pareto yaliyojaa maua meupe. Murang'a alikuwa akiisikia tu, kama mtu anavyosikia habari za shangazi ambaye hajawahi kumtia machoni.

Mumewe, Kahiga, aliendesha trekta. Walikaa miaka minne bila mtoto, na mimba ilipoingia hatimaye, Kahiga alikuwa akitoka kazini akiimba. Kisha baadhi ya Wakikuyu wakaingia msituni kupigana na serikali, na Hali ya Hatari ikatangazwa. Mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na tatu askari walikuja shambani, wakawachukua wanaume kumi na wawili wa Kikuyu, Kahiga akiwa mmoja wao. Hakupewa hata nafasi ya kuvaa viatu. Wiki tatu baadaye ikaja amri nyingine: Wakikuyu wote wa shamba lile, wake kwa watoto, warudishwe kwao. Malori yangekuja Jumatatu.

Nyakio alikuwa na mimba ya miezi minane.

Jumapili jioni alikwenda kumuaga Chepkurui, mke wa nyapara Kemboi. Wanawake hao wawili walikuwa wamechuma pareto mstari mmoja kwa miaka saba, wakiongea Kiswahili kwa sababu hakuna aliyeijua vizuri lugha ya mwenzake. Chepkurui alimtazama tumbo, halafu akatazama barabara ya kwenda Nakuru, yenye mashimo ya kumtoa mtu meno.

"Utazaa juu ya lori," alisema.

"Nitafanya nini, Mama Kiprugut? Amri ni amri."

"Huko Murang'a unamjua nani?"

"Hakuna."

"Kuna stoo yangu ya ngozi," Chepkurui akasema. "Kaa humo wiki moja, uzae. Baadaye tutaona."

Kemboi aliposikia hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alitoka nje akaenda kuhesabu ng'ombe ambao alikuwa amekwisha kuwahesabu. Jumatatu malori yalipojazwa watu na kuku na sufuria, jina la Nyakio likaitwa mara tatu. Kemboi akamwambia karani kwamba mwanamke huyo alikuwa ametoroka usiku. Malori yakaenda.

Wiki moja ikawa miezi kumi na tisa.

Stoo hiyo ilikuwa chumba cha mwisho cha nyumba ya Kemboi, nyumba ndefu ya udongo na mbao. Haikuwa na dirisha. Ngozi za kondoo zilirundikwa upande mmoja, magunia ya mahindi upande mwingine, na katikati palibaki nafasi ya mtu kujinyoosha. Mlango wake ulifunguka ndani ya chumba cha moto, ambako mchana kutwa alikaa mama yake Kemboi, bibi mzee ambaye kila mtu alimwita Kogo. Kogo hakujua Kiswahili. Alikuwa na fimbo. Mgeni alipokaribia aligonga ukuta wa stoo mara moja, na mgeni alipoondoka aligonga mara mbili. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Machi, msichana. Nyakio akamwita Wangeci, jina la mama yake Kahiga, kama desturi inavyotaka. Tangu siku ya kwanza alimfundisha kunyamaza. Kila mtoto alipokunja uso kutaka kulia, alitiwa titi mdomoni. Akishtuka, titi. Akiota meno, titi. Wangeci akawa mtoto asiyelia. Alikuwa akipumua kwa nguvu tu, na mama yake alijifunza kuzisoma pumzi hizo kama mtu anavyosoma barua.

Chakula kiliingia asubuhi kabla Chepkurui hajaenda kazini, na jioni akirudi. Nyakio alitoka giza likishaingia tu, kwenda chooni na kurudi, kichwa kimefunikwa. Mara mbili askari wa doria walikuja kunywa maziwa kwa nyapara. Waliketi hatua nne kutoka alipokuwa, wakacheka, wakaenda zao. Siku hizo aliona afadhali, maana angalau alisikia sauti za watu. Siku zilizokuwa mbaya ni zile za kawaida, ambazo hazikuwa na askari wala habari, ambapo alisikia mvua ikianza, ikaisha, ikaanza tena, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba imenyesha. Alijaribu kuukumbuka uso wa Kahiga. Mwanzoni ulikuja wote. Kisha yakaja masikio tu, na ile njia yake ya kufuta mikono kwenye suruali.

Mtoto alipofika mwaka mmoja hakuwa amesimama. Nyakio hakushangaa. Asimame aende wapi? Lakini alipofika mwaka na miezi mitatu, Chepkurui aliingia jioni moja na kibatari, akambeba Wangeci, akamgeuzageuza karibu na mwanga. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelowa jasho, na Mau Narok ni nchi ya baridi. Vifundo vya mikono vilikuwa vimevimba kana kwamba amevalishwa bangili chini ya ngozi. Chepkurui akamsimamisha juu ya gunia. Miguu ikapinda kwa nje, kama upinde, na mtoto akakunja uso kwa maumivu bila kutoa sauti.

"Mama Wangeci," Chepkurui alisema polepole, "huyu mtoto ni mgonjwa. Miguu yake inajikunja kama mshumaa karibu na moto."

Nyakio alikuwa ameijua miguu hiyo kwa vidole vyake, gizani. Hakuwa ameiona hivyo, kwenye mwanga.

"Tumfanye nini?"

"Nitampeleka Nakuru. Nitasema ni wa dada yangu wa Londiani, yule aliyekufa. Tangu leo jina lake ni Chelagat."

Siku ya Alhamisi lori la pareto liliposhuka mjini kabla ya mapambazuko, Chepkurui alipanda nyuma na mzigo wa blanketi mgongoni. Akarudi siku ya pili mchana, mtoto ameketi mgongoni wazi mbele ya watu wote, na wanawake wa shambani wakamzunguka wakimpa pole kwa kufiwa na dada. Mle stooni, Nyakio alisikia wakimsifu mtoto wake kwa jina ambalo hakumpa.

Jioni Chepkurui akamweleza. Kwenye zahanati ya mjini palikuwa na dresa, msaidizi wa daktari, Mjaluo aitwaye Obura, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimshika mtoto mbavu, akamshika paji la uso, kisha akauliza swali moja tu: huyu anakaa wapi mchana?

"Nikamwambia alikuwa analelewa ndani na nyanya mgonjwa. Akasema mifupa imekosa jua. Kuna kitu kinaitwa vitamini D, akasema, mwili unajitengenezea wenyewe jua likipiga ngozi. Bila hicho, hata anywe maziwa ya ng'ombe kumi, mifupa haishiki. Inabaki laini." Akatoa chupa ndogo ya kahawia na kijiti cha kioo chenye mpira kichwani, cha kudondoshea. "Hii ni mafuta ya maini ya samaki, makali kabisa. Matone matano kila asubuhi. Matano, akarudia mara tatu, akanifanya niseme na mimi. Na kila siku, jua la saa tatu mpaka saa tano, miguu na mikono wazi, muda wa kama nusu saa. Asichomeke, apate tu."

Nyakio aliishika chupa kwa mikono miwili. "Nitampa mimi."

"Mpe wewe," Chepkurui akasema. "Wewe ndiye mama yake."

Ikawa hivyo. Asubuhi Nyakio alimpa mtoto matone matano kwenye ulimi, akamnyonyesha, akampitisha mlangoni. Chepkurui akamfunga mgongoni, akaenda naye kwenye pareto. Mlango ukafungwa.

Siku ya kwanza Nyakio alikaa mahali mtoto alipokuwa akilala, akaweka kiganja pale mpaka pakapoa. Miezi yote ile alifikiri kwamba yuko peke yake, kumbe alikuwa hajaonja upweke wenyewe. Sasa hapakuwa na pumzi ya kusoma. Alihesabu magunia. Alisuka kamba kutoka kwenye nyuzi za magunia, akazifumua, akazisuka tena. Mgongo na nyonga vilikuwa vikimuuma tangu mvua za mwaka uliopita, na kuinuka kutoka sakafuni kulimtaka ashike ukuta kama mzee. Alidhani ni baridi, au huzuni.

Jioni mtoto alirudi akinuka majani na vumbi la barabara. Alikuwa na joto ngozini, joto ambalo halikutoka kwa Nyakio. Wiki ya tatu alianza kutoa sauti. Wiki ya nne alitamka neno lake la kwanza, akimnyooshea Chepkurui mikono, na neno lenyewe lilikuwa la Kikalenjin. Chepkurui akajifanya hakusikia. Nyakio hakuhitaji kutafsiriwa.

Baada ya siku hiyo, jioni mtoto aliporudi, Nyakio alifungua chupa na kumpa matone matano mengine. Aliwaza: Kama matano yanaponya, kumi yataponya upesi. Akipona upesi, hatahitaji kubebwa kutwa na mtu mwingine. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema hata moyoni mwake. Jua lilikuwa la Chepkurui, barabara ilikuwa ya Chepkurui, na sifa za wanawake shambani zilikuwa za Chepkurui. Chupa ile ndiyo ilikuwa yake. Kila tone lilikuwa kitu ambacho mkono wake mwenyewe ulimfanyia mtoto. Kumi yakawa ishirini, kisha akaacha kuhesabu.

Chupa ya siku arobaini ikaisha kwa siku ishirini na nane.

"Imemwagika," alimwambia Chepkurui. "Niliipiga teke gizani."

Chepkurui akamwamini. Kemboi akatuma mtu mjini, dresa akatoa ya pili.

Mwanzoni mtoto alionekana kuendelea vizuri. Alisimama akishika sketi, na jasho la kichwani likaacha. Kisha akaanza kuwa na kiu. Alikunywa maji kama ndama, akakojoa blanketi mpaka likaoza. Akakataa uji. Choo kikagoma siku tano. Akatapika titi, akatapika maji, na siku ya Jumamosi aliporudi kutoka shambani alikuwa amelegea begani kwa Chepkurui, macho nusu wazi, hajali aliyembeba.

Chepkurui aliingia stoo, akamlaza juu ya ngozi, akaona chupa. Akainyanyua akaitazama kwenye kibatari. Ilikuwa na siku kumi na moja tu, na chini yake palikuwa pamebaki kama machozi.

"Hii nayo imemwagika?"

Nyakio alimfuta mtoto midomo kwa ncha ya kanga.

"Nakuuliza. Unampa matone mangapi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sihesabu. Namwekea tu." Nyakio aliinua uso. "Wewe una yeye kutwa, Mama Kiprugut. Mimi nina hii."

Chepkurui alibaki ameishika chupa. Alitaka kupiga kelele, na hakuweza, kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyepiga kelele. Akamfunika mtoto, akambeba, akatoka. Kemboi akaenda kumwomba Bwana, yule Mzungu mwenye shamba, awape lori. Ndani ya saa moja mlio wa injini ulikuwa umeshapotea mteremkoni.

Siku kumi na mbili Nyakio hakupata habari. Chepkurui alikuwa hospitalini na mtoto. Chakula kililetwa na Kemboi, ambaye hakuwahi kuwa mtu wa maneno. Aliweka bakuli mlangoni, akakohoa, akaondoka. Maziwa ya Nyakio yalijaa, yakauma, yakamwagika kwenye nguo, kisha yakaanza kupungua. Alisali sala zote alizofundishwa kanisani, na zilipokwisha akaanza kumwambia Mungu hesabu. Matone matano. Mimi niliambiwa matano.

Siku ya nne, mchana, Kogo aligonga ukuta mara moja. Nyakio akajibana nyuma ya magunia akingoja sauti ya mgeni. Hakuna aliyekuja. Baada ya muda pakagongwa tena mara moja. Kimya tena. Mara ya tatu ndipo alipofahamu kwamba hakukuwa na mgeni yeyote. Alitambaa mpaka kwenye ukuta, akagonga mara moja kwa kifundo cha kidole. Upande wa pili fimbo ikajibu. Wakaendelea hivyo alasiri nzima, bibi mzee na mama asiye na mtoto, kila mmoja akimwambia mwenzake neno lile lile moja.

Siku ya kumi na tatu Chepkurui akarudi. Mtoto alikuwa hai. Alikuwa amekonda, macho makubwa, lakini aligeuza kichwa aliposikia sauti ya mama yake gizani, na Nyakio alipompokea alilia kwa mara ya kwanza tangu aingie katika chumba kile, akiuma kanga asisikike.

"Walimzuia dawa," Chepkurui alisema, akikaa chini kwa uchovu. "Wakampa maji, maji, maji. Walisema damu yake ilikuwa imejaa chokaa. Kitu kile kile kilichokosekana, kilipozidi kikawa sumu." Akanyoosha miguu. "Dresa Obura alikuja kumwona wodini. Akaniuliza, ni nani anayempa matone? Nikasema mimi. Akasema, wewe huwezi, wewe unajua kuhesabu, nilikusikia. Kisha akaniuliza tena, polepole, bila mtu kusikia: yule anayemnyonyesha, yeye huliona jua?"

"Ukamjibu nini?"

"Sikujibu. Akasema, basi mwambie kwamba hata maziwa yake hayana kitu. Na mwambie mifupa yake mwenyewe itakuwa inamuuma. Ikiwa anatembea kama bata, aelewe ni jambo lile lile."

Nyakio alilala na maneno hayo. Alipoamka alikuwa ameamua. Angeweza kuendelea kujificha na mtoto akaendelea kuwa Chelagat mchana na Wangeci gizani, akinyonya titi lisilo na kitu. Au angetoka.

Alitoka siku ya Jumapili, saa nne asubuhi. Hakuna aliyemlazimisha. Alipita kando ya Kogo, akafungua mlango wa nje kwa mkono wake. Mwanga ukampiga machoni kama mchanga, akaziba uso, akaegemea ukuta mpaka akaweza kutazama kwa jicho moja. Ngano ilikuwa imekomaa. Alikuwa amesahau kwamba ina rangi. Akaenda hatua kumi, akiyumba kiuno huku na huku, akaketi kwenye gogo ambalo Chepkurui alikuwa amelikalia na mtoto miguu wazi.

"Wangeci," aliita.

Mtoto aliijua sauti. Akageuka akitabasamu, akaona mwanamke wa rangi ya majivu, nywele zimesimama, macho yanatiririka. Uso huo hakuwahi kuuona kwenye mwanga. Akapiga ukelele, kilio kikubwa cha mtoto mzima wa afya, akajificha kifuani mwa Chepkurui.

Wanawake wakatoka majumbani. Kabla ya saa sita Kemboi alikuwa mbele ya Bwana, kofia mkononi. Alipoteza unyapara siku hiyo hiyo, akarudishwa kuchunga. Nyakio akapelekwa kwenye kambi ya Nakuru kuhojiwa, mtoto akabaki na Chepkurui. Walimhoji, wakamrudisha kambini, wakamhoji tena. Hawakuona alichokuwa ameficha zaidi ya yeye mwenyewe na mtoto, na jambo hilo liliwachosha kuliko kuwakasirisha. Kambini palikuwa na baridi na chawa, lakini uwanja wake ulikuwa wazi, na kila asubuhi aliketi juani na wanawake wengine, amekunja nguo juu ya magoti. Alikaa humo miezi mitano. Maziwa yakakauka kabisa.

Mwaka wa hamsini na tano mashamba yalikuwa yanalia kwa kukosa wachumaji, na baadhi ya wanawake wakapewa vibali vya kurudi kazini. Nyakio akawa mmoja wao. Kabla ya kupanda lori la kurudi Mau Narok aliuliza njia ya zahanati.

Obura alikuwa anafunga kidonda cha mtu. Alimwona akiingia, akatazama mwendo wake, akamaliza kufunga.

"Wewe ndiye wa matone," alisema.

"Ni mimi, Daktari."

"Si daktari, ni dresa. Keti, mama. Nyonga bado zinauma?"

"Siyo kama zamani. Kule kambini tulikuwa tunakaa nje."

"Umeona basi." Aliosha mikono. Nyakio alikuwa amejiandaa kugombezwa, na hakugombezwa. "Niambie. Kwa nini ulimzidishia?"

Alifikiri kwanza. "Niliona nimemnyima kitu kikubwa. Nikataka kumlipa mara moja."

Obura akatikisa kichwa. "Mwili haupokei hivyo. Mfupa unajengwa kidogo kidogo, kama nyumba ya udongo, ukirundika udongo wote siku moja unaanguka. Jua lenyewe lina akili. Ngozi ikishatengeneza ya kutosha inaacha. Chupa haina akili, akili inatoka kwa mwenye kuishika." Akamweleza zaidi, bila haraka, kana kwamba hapakuwa na foleni nje. Mtoto mchanga apate jua kidogo kidogo. Mtoto anayekua na mama anayenyonyesha wanahitaji kuliko wote, kwa sababu wanajenga mifupa, mtoto yake mwenyewe na mama ya mwanawe. Sisi wenye ngozi nyeusi tukae juani muda mrefu zaidi ya Wazungu. Mayai ni mazuri, samaki ni wazuri zaidi, ila huko kwenu samaki hamtaki. "Na wazee," akasema. "Watu huwasahau wazee. Ngozi ya mzee imechoka, inatengeneza polepole. Tunawaketisha kwenye moshi siku nzima tukidhani tunawatunza, halafu wakianguka mara moja, mguu umevunjika."

"Kuna bibi kule," Nyakio alisema.

"Basi mtoe nje."

Hakumpa chupa yoyote, naye hakuomba.

Shambani alipewa chumba cha peke yake kwenye nyumba za wafanyakazi. Chepkurui alimletea mtoto siku ya kwanza, na nguo zake kwenye fundo. Mtoto alikuwa anatembea. Mguu wa kulia ulikuwa umenyooka, wa kushoto umebaki umepinda kidogo. Alilala kwa Nyakio usiku mmoja, akalia mpaka sauti ikakauka. Nyakio hakumtia kitu mdomoni. Alimwacha alie. Asubuhi akamrudisha kwa Chepkurui mwenyewe.

"Atazoea," Chepkurui alisema, naye macho yamejaa machozi. "Mpe wakati."

"Nimpe kidogo kidogo," Nyakio akajibu.

Alimpa. Kila jioni mtoto alikuja kula kwake, na Jumapili walikwenda pamoja kanisani. Alipofika miaka mitano alimheshimu, akamchotea maji, akamcheka anapokosea maneno ya Kikalenjin. Akiambiwa na Chepkurui, "Mwite mama," alimwita mama. Asipoambiwa alimwita Nyakio, kama watu wote.

Habari za Kahiga hazikuja. Waliotoka kambi za mbali miaka ya hamsini na saba na hamsini na nane kila mmoja alikuwa na lake: mmoja alimwona Manyani, mwingine akasema si yeye. Nyakio aliacha kuwauliza, akawa anawapa uji tu.

Jambo moja alilifanya bila kukosa. Siku asizokwenda kwenye pareto, saa tatu na nusu, aliingia nyumbani kwa Kemboi, akampa Kogo mkono, akamtoa nje hatua kwa hatua. Bibi alipinga miezi ya kwanza. Alimpiga Nyakio kwa fimbo miguuni, si kwa nguvu. Baadaye Nyakio alimkuta amekwisha kuvaa shanga zake, anangoja. Wakaketi ukutani, sketi juu ya magoti, mikono imelala wazi. Hawakuwa na lugha. Mama wenye watoto wachanga wakaanza kupita na kuketi kidogo nao, na Nyakio akiona mtoto amefungwa mablanketi matatu alimfunua miguu mwenyewe, bila kuomba ruhusa. Mama alipotaka kukaa mpaka adhuhuri alimwambia, "Inatosha. Ondoka."

Januari ya hamsini na tisa Chepkurui na Nyakio walimpeleka mtoto kuandikishwa shule. Ilikuwa mwendo wa maili mbili, na mtoto alikimbia mbele karibu njia yote. Mwalimu alikuwa ameketi barazani na daftari. Akamuuliza mtoto jina.

"Chelagat."

Chepkurui akamtazama Nyakio haraka, akafungua mdomo. Nyakio akamshika mkono. Mwalimu akaandika, akauliza jina la baba, na mtoto, bila kusita, akasema Kemboi.

"Niseme?" Chepkurui alinong'ona.

"Acha. Ameshasema."

Mtoto akaonyeshwa mstari wa wenzake, akaenda akajipanga, akaanza kuongea na wa mbele yake. Mguu wake wa kushoto ulionekana kwa yule tu aliyejua pa kuangalia. Chepkurui alitaka kungoja kengele. Nyakio alisema yeye atatangulia, kwa kuwa jua lilikuwa linapanda na Kogo hajatolewa nje. Akafunga kitambaa chake vizuri, akashika njia ya kurudi peke yake kati ya ngano, bila haraka sana, kwa sababu nyonga bado zilimkumbusha akienda mbio.